Moyo Mkubwa wa Mrina Asali

Daktari aliponiambia moyo wangu umekuwa mkubwa, nilisimama nikamshika mkono nikamshukuru. Nikamwambia ni mambo ya ukoo, hata marehemu baba alikuwa hivyo hivyo, mgeni hapiti kwake bila kula. Daktari akanitazama kama mtu aliyemkuta mbuzi anaendesha baiskeli. Akaendelea kueleza, na alieleza sana, namwonea huruma mpaka leo, lakini masikio yangu yalikuwa yameshaondoka na ile sifa. Nikatoka nimenyoosha kifua, vidonge mfukoni. Mama watoto alikuwa ananisubiri kwenye benchi, kanga ameisokota mikononi mpaka imekuwa kamba.

"Si saratani," nikamwambia. "Ni moyo tu. Umekuwa mkubwa."

"Mungu asifiwe," akasema, akaanza kulia.

Jioni ile tulipofika nyumbani, jogoo wetu mmoja alilipa furaha yetu kwa uhai wake.

Mimi ni mrina asali. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi wa baba, na walimu walikuwa wananiogopa mimi kuliko nilivyowaogopa wao, kwa sababu ya wale mbuzi. Kazi yangu iko porini, kusini ya Sikonge, ambako mizinga yangu ya magogo inaning'inia juu ya miti ya mininga na mitundu, mirefu kiasi kwamba ukidondosha kofia asubuhi, inafika chini jioni. Nyuki wangu wanajulikana wilaya nzima. Waliwahi kumkimbiza simba, simba akaja kujificha nyuma yangu, na nilimwambia kabisa kwamba hata mimi hawaniheshimu.

Kupanda ndiyo kazi yenyewe. Unafunga kamba kiunoni, unaukumbatia mti kama mkwe aliyeleta ng'ombe, mwenge wa moshi begani, ndoo inakufuata kwa kamba nyingine. Ukifika juu unapuliza moshi, unakata masega, unashusha ndoo kwa wenzako. Nilianza ndevu hazijaota, na sikuwahi kusikia mtu akisema "leo apande mwingine".

Mara moja tu nilisimama. Miaka mingi nyuma niliota uvimbe shingoni. Ulianza kama karanga, ukawa yai la kanga, ukawa embe dodo. Ungeendelea kidogo ningehitaji kofia mbili. Wakakata kipande wakakipima, wakasema ni saratani ya matezi. Nikapandishwa treni mpaka hospitali kubwa ya mbali, na huko wakanitundikia dawa nyekundu kama juisi ya rozela, inaingia kwenye mshipa tone kwa tone. Ukienda kukojoa inatoka nyekundu vilevile. Mara ya kwanza nilipiga yowe wodi nzima ikaamka, nikijua nimetoboka ndani. Nywele zikaondoka, nyusi zikazifuata, nikawa kama yai lenye masikio. Nilivyotapika, nilitapika hata chakula cha mwaka uliotangulia. Kisha wakanichoma mionzi hapa kifuani. Lakini ule uvimbe, bwana, uliyeyuka kama nta juani. Nikarudi nyumbani nimebaki mifupa na kicheko, na msimu uliofuata nilikuwa juu ya mti.

Daktari wa kule alinisisitiza nisiache kurudi kupimwa. Nilirudi mara chache, halafu nikajiuliza, mtu aliyepona anafuata nini hospitali? Nyumba ikishazimwa moto, huendelei kuimwagia maji. Ndivyo nilivyofikiri. Tena nilifikiri hivyo kwa raha kabisa, miaka na miaka.

Basi ikaja pumzi. Pumzi ilianza kuniibia njiani. Asali yangu naipeleka Tabora mjini kwa baiskeli, ndoo mbili nyuma, moja mbele, na zamani nilikuwa naendesha huku naimba, watu wa njiani wanajua saa kwa wimbo wangu. Mwaka ule nikaanza kushuka kila kilima. Na Tabora hakuna vilima! Nchi yetu ni bapa kama chapati. Lakini mimi nilikuwa naviona vilima ambavyo hata waliochora ramani hawakuviona. Siku moja nimekaa kando ya barabara nahema, kinyonga akatokea majanini, akanigeuzia jicho moja, akaniona mzembe, akanipita.

Jioni miguu inavimba. Ukibonyeza kidole kinaacha shimo ambalo ungeweza kupanda karanga. Nikilala chali nazama kama niliyefunikwa na gunia la tumbaku kifuani, kwa hiyo nikawa nalala nimeketi, nimeegemea ukuta, na nikiulizwa nasema nafikiria.

Mama watoto hakuolewa na mjinga. Asubuhi moja alisimama mlangoni ameshika ndala zangu, zote mikanda imekatika.

"Hizi zimekatwa na nini?"

"Zimechakaa."

"Tumezinunua juzi, baba watoto. Lete mguu."

Nikaleta. Akabonyeza. Akalitazama lile shimo, kisha akaja kunipapasa shingo, huku na huku, polepole, kama anayetafuta sindano kwenye unga.

"Imerudi," akasema.

Hapo sikuwa na mzaha. Mimi ambaye nimewahi kumchekesha mtu akizika ng'ombe wake, nilianza kutafuta nauli ya Tabora. Ndiyo maana unielewe nilipomshika daktari mkono. Nilikwenda Tabora nikisubiri kuambiwa saratani. Wakanipaka mafuta baridi kifuani, wakapitisha kitu kama pasi ndogo, na kwenye televisheni nikauona moyo wangu mwenyewe unarukaruka kama chura aliyechoka. Daktari akaniuliza ile alama ya shingoni ni ya nini, nikamweleza habari ya uvimbe na dawa nyekundu. Akatikisa kichwa kama aliyekipata alichokuwa anatafuta. Ndipo akasema umekuwa mkubwa. Kwa Kiswahili nilichonyonya mimi, mwenye moyo mkubwa ni mtu wa watu, mkarimu, tena jasiri. Sasa kosa langu liko wapi?

Basi nikaishi kama mwenye moyo mkubwa. Mgeni akibisha, namwekea asali. Jirani akisifia jembe, nampa. Habari zikaenea, na watu walioniona mara ya mwisho nikiwa mtoto wakakumbuka kuja kunijulia hali. Mama watoto akaanza kuficha masufuria.

Vidonge nilivimeza siku kadhaa. Kimoja kidogo cheupe ni cha kukojoza. Siku ya kwanza nilidhani wamenifungulia bwawa la Igombe. Miguu ikapungua, pumzi ikarudi kiasi, nikajiona mzima. Na msimu wa kurina ukawa umefika. Sasa mtu atapandaje mti na kibofu cha namna ile? Atakojolea wenzake waliosimama chini wameangalia juu na midomo wazi? Nikaviacha vidonge juu ya kabati nikaenda porini na kijana wangu mkubwa, ambaye ni mtu mzima mwenye watoto wake, na jirani mmoja, mrina wa siku nyingi.

Mti wa kwanza nilifika juu. Nasema nilifika, iandikwe hivyo. Nikapuliza moshi, nikanyoosha mkono kwenye mzinga, na moyo ukaanza kwenda mbio bila mimi. Ulikwenda kama punda aliyekata kamba. Kifua kikajaa, macho yakaona giza lenye nyota, mikono ikawa ya mtu mwingine. Nikawa nimeukumbatia mti tu, na nyuki, ambao hawajui kumhurumia mgonjwa, wakaanza kazi yao.

"Baba! Shuka!"

Sikuweza kujibu. Na kijana wangu ananijua, mimi kutojibu ni habari mbaya kuliko damu. Akapanda. Namna alivyopanda sijui, maana nilisikia tu magome yanamwagika. Akanifunga ile kamba ya ndoo kwapani, akaizungusha kwenye tawi, akanisukuma nitoke mtini.

"Polepole!" jirani akapiga kelele kutoka chini. "Usimgongeshe, huyo si ndoo!"

Nikashushwa kama asali, ila mimi sikuwa na utamu wowote. Wakanilaza kwenye majani, nikakohoa povu, wakaniketisha, nikapata kijipumzi. Kutoka pale mpaka Sikonge walinisukuma juu ya baiskeli, mmoja ameshika usukani, mwingine ananishika mgongo. Kutoka Sikonge gari. Nikarudi Tabora, safari hii nimelala, na uso umeumwa na nyuki mpaka mama watoto aliuliza mume wake yuko kitanda gani.

Nilipopata fahamu ya kutosha kuona, kulikuwa na muuguzi amesimama ananichungulia. Mama wa makamo, mnene kidogo, kalamu ameichomeka nyweleni.

"Wewe ndiye Mnyamwezi aliyepanda mti na maji kwenye mapafu?"

"Ndiye. Na wewe kabila gani unayesema na wagonjwa hivyo?"

"Mgogo."

Nikafunga macho. "Nimekwisha. Mtani ndiye ameshika sindano."

Wenye kujua wanajua. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, na njia ilipita Ugogo, na Wagogo walikaa pale kwenye visima wanadai hongo kwa kila msafara unaotaka maji. Tumetukanana tangu wakati ule, na tumezikana tangu wakati ule. Mtani haamkii shikamoo, hakuogopi, na hakudanganyi kwa adabu.

"Sasa nisikilize, mpagazi," akasema akivuta kiti. "Vidonge uliviacha kwa nini?"

"Daktari alisema moyo wangu ni mkubwa. Mwenye moyo mkubwa anahitaji kidonge cha kukojoza?"

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa. Alicheka, bwana, alicheka mpaka kalamu ikadondoka, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Nikadhani yeye ndiye atalazwa. Mama watoto, aliyekuwa amekaa miguuni pangu, hakucheka.

"Baba wewe," muuguzi akasema akijifuta macho, "si sifa hiyo. Unayajua makaptula yenye lastiki?"

"Nayajua."

"Lastiki ikivutwa sana, ikachoka, inakuwa ndefu au fupi?"

"Ndefu."

"Inashika kaptula?"

"Haishiki. Inakuangusha sokoni."

"Basi huo ndio moyo wako. Umelegea, umetanuka, haukazi. Damu inaingia lakini hausukumi yote, kwa hiyo maji yanabaki nyuma. Yanajaa miguuni, yanajaa mapafuni. Ndiyo maana unazama ukilala. Mkubwa maana yake umechoka."

Mama watoto akauliza, kwa sauti ndogo:

"Nani kauchosha?"

Muuguzi hakuficha. Akasema ile dawa nyekundu ya zamani ndiyo wanayoishuku kwanza, na ile mionzi ya kifuani imeisaidia. Ni dawa kali. Inaua saratani, lakini kwa watu wengine inaujeruhi moyo kidogo kidogo, na jeraha linaweza kunyamaza miaka mingi kabla ya kujitokeza. Ndiyo maana walitaka niwe narudi kupimwa.

Mama watoto akakasirika. Si kawaida yake. Akasema kumbe walituuzia ugonjwa mwingine, walimtoa mtu mdomoni mwa simba wakamtia mdomoni mwa mamba. Muuguzi akauweka utani wake wote pembeni.

Mimi nililala nawaza. Na nikaona jambo kwa namna ya kazi yangu. Ukitaka asali, lazima upulize moshi. Moshi ukizidi, asali inanuka moshi, kila mrina anajua, na wateja wananung'unika. Lakini hujawahi kumsikia mrina mwenye akili akisema basi mara nyingine nitaingia bila moshi. Bila moshi hakuna asali na hakuna mrina, kuna mazishi. Ile dawa ilinipa miaka yote hii. Nimewaozesha mabinti. Nimeshika wajukuu. Nimemficha simba. Kama imeacha harufu ya moshi moyoni, sawa, nitaishi na harufu.

Nikamwambia mama watoto hivyo. Akasema, "Wewe na nyuki wako." Lakini akaniwekea mkono kifuani, juu ya ile lastiki.

"Utapona kabisa?" nikamuuliza muuguzi. "Moyo, nasema. Utarudi?"

"Kama zamani, hapana. Nikikudanganya nitakuwa Mnyamwezi. Lakini ukimeza dawa, unaweza kukaza zaidi ya hivi, na ukakupeleka mbali. Kila siku, mpagazi. Hutapita kwetu bila kulipa. Kila asubuhi vidonge mkononi, hiyo ndiyo hongo ya mwendo wa siku ile. Hujalipa, hupiti."

"Babu zangu walilipa shanga na nguo."

"Na babu zangu waliwapa maji ya tope. Mimi nakuondolea maji bure. Unalalamika nini?"

Halafu akasema lile neno: "Na kupanda miti, basi. Hapo hata mtani hatanii."

Nyumbani lile neno lilinitangulia kufika. Kijana wangu mkubwa alikuja na heshima zake zote, akakaa kigodani, akakohoa. Nikajua.

"Baba, tumeongea. Mizinga tuiangalie sisi. Wewe ukae nyumbani, tutakuletea asali."

"Mtaniletea."

"Ndiyo, baba. Kila msimu."

Alisema kwa upendo, na mtu huyu alinitoa juu ya mti. Lakini nilijiona tayari nimekaa barazani, kijiko mkononi, naulizwa kama nimeshalala mchana. Kwetu wapo wazee wa namna hiyo. Walianza kwa kuletewa asali, wakaishia kuletewa maji ya kunawa, na mwisho wakaletewa padri. Nilikuwa nimelala na saratani kitanda kimoja nikaamka peke yangu. Sikuona sababu ya kushindwa na kaptula.

"Msimu ujao," nikamwambia, "nitarina kwa mkono wangu. Si juu ya mti. Lakini kwa mkono wangu."

"Baba, nyuki wako wako juu ya miti."

"Basi watashuka."

Akamwangalia mama yake. Mama yake akaangalia paa.

Ikaanza kazi. Kwanza chumvi. Mama watoto aliifukuza nyumbani kama mwizi. Sisi hapa tumekula chumvi ya Uvinza tangu enzi za misafara, watu walitembea majuma kuifuata, halafu mimi nile mlenda usio na chumvi! Ni kama kulamba blanketi lililolowa. Nilikula. Nikaongeza ndimu, nikaongeza karanga, nikaongeza uongo, nikasema tamu.

Halafu uzito. Muuguzi alitaka nijipime kila asubuhi, maana maji yakianza kurudi, mzani unajua kabla ya miguu. Mzani wa kukanyaga hatuna. Tuna ule wa kutundika, wa kupimia ndoo za asali, unaning'inia kwenye boriti ya ghala. Basi nikafunga kamba ya bembea kwenye ndoano, na kila asubuhi nikishakojoa naingia humo, miguu juu, nazunguka polepole kama mbuzi wa buchani, na mama watoto anasubiri nitulie asome mshale. Amefunga uzi mwekundu pale mshale unapotakiwa kuishia. Ukivuka uzi, Tabora. Majirani walikuja kushuhudia. Mmoja akauliza kilo moja shilingi ngapi, mama watoto akamjibu kwamba hatuuzi rejareja.

Halafu kutembea. Mpaka kwenye kisima, napumzika, narudi. Wiki kadhaa hivyo. Kisha mpaka kwa jirani. Kisha mpaka njia kuu. Nilikuwa natembea na kijiti, nachora alama nilipoishia, na kesho yake naipita kidogo. Siku nyingine siifikii. Siku zile namtukana kinyonga, narudi nyumbani, kesho natoka tena.

Na mchana nikawa napiga mbao. Kuna mizinga ya masanduku, ya mbao, inatundikwa kwa waya usawa wa kifua, unaifungua kwa juu umesimama chini. Sikuwa nimewahi kuijali. Nikatafuta mtu wa Urambo anayeijua, akaja akanionyesha, nikatengeneza wa kwanza umepinda kama mtu anayesikiliza umbea. Wa pili ukanyooka. Jirani yangu mrina akapita akasimama.

"Unafuga kuku?"

"Nyuki."

"Kwenye kabati?"

"Nimewajengea nyumba ya chini. Wamechoka ghorofa."

Akacheka mpaka akashika mti. Kijana wangu hakucheka, na siku ya tatu alikuja na msumeno wake, akakaa upande wa pili wa ubao. Mwisho wa kiangazi alikwenda kuitundika mizinga yote porini, mimi nikibaki nyumbani na kero yangu, nikimwelekeza kwa simu mpaka mtandao ukanihurumia ukakatika.

Mvua zikaja, miti ikachanua. Akarudi na habari: mingine imeingia nyuki, mingine imehamiwa na sisimizi. Nikasema hata sisimizi ni wapangaji.

Msimu ulipofika, kikosi kikapanga kuondoka Jumatatu. Nilikuwa nimefunga mzigo wangu tangu wiki iliyopita. Asubuhi ya kuondoka nikaingia kwenye bembea, nikazunguka, nikatulia. Mama watoto hakusoma.

"Soma."

"Umevuka uzi."

Nikamwambia aupige kofi ule mzani. Akaupiga. Mshale ukarudi palepale. Ijumaa tulikuwa msibani, na maharage ya msibani yalikuwa na chumvi, nami nilikula kama aliyetoka jela. Nje wenzangu walikuwa wameshapanda baiskeli. Jirani akapiga kengele.

"Vipi, mwenye kabati? Tunakwenda?"

Nilining'inia pale, sikushuka mara moja. Miguu haikuwa imevimba. Pumzi ilikuwepo. Nilijisikia ninaweza kwenda mpaka Kigoma na kurudi. Lakini niliukumbuka mti ule, nilijua mikono inavyokuwa ya mtu mwingine. Nikashuka, nikavua kofia ya porini, nikavaa ya mjini.

"Tangulieni," nikawaambia. "Mimi napitia Tabora."

Mtani aliponiona alipiga vigelegele. "Kaja mwenyewe! Kaja bila kubebwa!" Wakanipima, wakaniongezea kile cheupe kwa siku chache, wakanirudisha nyumbani. Nikangoja mshale urudi kwenye uzi. Kungoja kule ndiko kulikuwa kugumu kuliko vilima vyote vya uongo. Wenzangu wako porini wananukia moshi, mimi nakula mlenda na ndimu nikihesabu kuku. Uliporudi, nikangoja asubuhi nyingine moja ili niuamini, kisha nikamwita kijana wangu, ambaye alikuwa amesharudi na ndoo za kwanza.

Tulikwenda kama walivyokwenda wa zamani, kambi kwa kambi. Natembea mpaka pumzi iseme, tunakaa, tunakunywa uji, tunatembea. Yeye alikuwa anasukuma baiskeli na hakuniambia hata mara moja nipande. Njia niliyokuwa naimaliza kabla umande haujakauka, ilitula kutwa yote na asubuhi ya pili, na vidonge nilivimeza hapohapo kambini, juu ya gogo, na nilikojolea nusu ya miti ya wilaya.

Tukafika. Ule mzinga ulining'inia kwenye waya usawa wa kifua changu, wa kwanza, uliopinda, na nyuki wanaingia na kutoka kwenye upindo wake kama ndio walioagiza. Kijana wangu akawasha mwenge, akanipa, akarudi nyuma hatua zake. Nikapuliza moshi. Nikangoja wanyamaze. Nikainua ubao wa kwanza na sega likaja nao, zito, limefunikwa nta nyeupe mpaka pembeni, na moyo ukaanza kudunda, lakini ulidunda pamoja nami. Nikakata, nikaweka kwenye ndoo, nikaacha mengine kwa wenyewe, nikafunika.

"Niendelee mimi, baba?"

"Kaa hapo."

Nikakaa kwenye kisiki mpaka pumzi ikarudi yote, nikauchukua ule mwenge, nikaenda kwenye mzinga wa pili.